Mwenye Kuokota Bunduki Asifanywe Mhalifu

Ndugu wananchi wa Kasaji, vita ilipita kwenu. Machi 1977 askari wa FLNC walivuka kutoka Angola, wakashika Dilolo, wakafika Kasaji. Mei 1978 ikawa zamu ya Kolwezi. Vita ikipita huacha chuma. Je, mkulima akikuta shambani bunduki ya kutoa risasi mfululizo, isiyoandikwa popote, afanye nini?

Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 yakataza raia kuwa na bunduki bila kibali, na silaha ya vita ni ya jeshi. Basi asiifiche, asiiuze, wala asiichezee. Amwite chifu na mashahidi, polisi waje kuichukua.

Lakini twajua kwa nini wengi hunyamaza: waogopa kwamba mwenye kuleta habari ndiye atakayefungwa. Hapo sisi twasema wazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 17, yasema kila mtu hujibu kosa lake mwenyewe. Baba asikamatwe kwa ajili ya mwana. Kifungu cha 18 chaamuru aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoifahamu. Baada ya saa 48 aachiliwe, au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria.

Twadai jambo moja: mwenye kupeleka silaha kwa hiari apewe karatasi yenye mhuri, arudi kwake salama. Mkimfunga mwaminifu mmoja, bunduki nyingine zitabaki ardhini, na mwizi ndiye atakayezifukua.