Moto wa kutoa mafuta una bei yake

Kila ifikapo Juni na Julai, baridi ya Mlima Meru inaposhuka mjini, mafuta ya nazi huganda kwenye rafu za maduka ya Arusha. Anayetaka kujipaka huisogeza chupa karibu na jiko kwanza.

Mafuta ghafi ya Ziwa Albert, Uganda, yaliyogunduliwa mwaka 2006, yana tabia hiyohiyo. Yana nta nyingi. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa lipashwe moto kwa nyaya za umeme, mafuta yasipoe chini ya nyuzi joto 50.

Wapo wafanyabiashara wanaotarajia kwamba, kwa kuwa dizeli ya Arusha hupitia bandari ya Tanga, bomba hilo litashusha bei. Matarajio hayo hayana msingi. Yanayofika Chongoleani ni mafuta ghafi ya kupakiwa melini, na Tanzania haina kiwanda kinachoyasafisha. Bei kikomo ya EWURA itaendelea kufuata soko la dunia.

La kuuliza ni gharama ya moto. Oman wanaijua vizuri, maana huko yapo mafuta mazito hasa, yanayokwama ardhini kabla hata ya kufikia bomba. Katika eneo la Mukhaizna mvuke ulianza kusukumwa kwa wingi chini ya ardhi baada ya mwaka 2005, na uzalishaji ukapanda kutoka mapipa yasiyozidi 10,000 kwa siku hadi zaidi ya 120,000. Ni mafanikio makubwa. Lakini pipa moja la mafuta likichomwa hugeuza takriban mapipa 14 ya maji kuwa mvuke. Kisima kinachohitaji mapipa 5 ya maji kwa kila pipa la mafuta kinateketeza nishati inayolingana na theluthi ya kinachotoa, na maji hayo ni karibu lita 800. Mkulima anayesubiri zamu ya mfereji Arumeru ataelewa haraka.

Ili kupunguza gharama hiyo, eneo la Amal, Oman, lilianza kupata mvuke wa jua. Vioo vya kukusanya jua viliwekwa ndani ya vitalu nyumba, vya aina ileile inayolimiwa maua Usa River, visichafuliwe na vumbi la jangwani. Teknolojia ilifanya kazi, ila kampuni iliyoibuni ilifunga shughuli mwaka 2020, bei ya mafuta ilipoporomoka.

Tanzania, kupitia TPDC, ina hisa asilimia 15 katika bomba la Tanga. Umeme wa kulipasha moto ni gharama ya mradi, bei ya mafuta iwe juu au chini. TPDC inapaswa kuwaeleza wananchi, kwa shilingi na kwa kila pipa, gharama hiyo ni kiasi gani, na hisa hizo zitabaki na faida gani pipa likiuzwa dola 50 badala ya 80.