Acheni simu ya mhusika iwe na chaji

BARAZANI KWA ZUBERI
Na Zuberi Mahimbo

Karibu kila muswada wa riwaya ninaoletewa na vijana nisome una simu inayozimika. Binti ametekwa Kigogo, simu imeisha chaji. Mpelelezi amefika Bagamoyo, hakuna mtandao. Mume anarudi nyumbani ghafla, ndani kuna mgeni asiyetakiwa kuonekana, na jirani mwenye roho nzuri angeweza kabisa kumpigia mke na kumtonya, ila simu ya mke, maskini, imetumbukia kwenye ndoo ya maji. Nimesoma simu zilizozama chooni, zilizokwapuliwa na watu wa bodaboda pale Mwenge, zilizosahauliwa juu ya friji. Mwandishi akishaiua simu anashusha pumzi, hadithi inasonga mbele kana kwamba tuko mwaka 1974.

Nimeutaja mwaka huo makusudi. Ndio aliotoa Elvis Musiba Kufa na Kupona, na Willy Gamba akawa jina la mtaani. Nyuma yake alikuwapo Mohammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetupa Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Faraji Katalambulla wa Simu ya Kifo, 1965. Hao ndio walimu wetu katika hadithi za upelelezi, na waliandika zama ambazo habari ilisafiri kwa miguu. Mtu akipanda basi la Mwanza amepotea mpaka barua yake ifike, na barua nayo inaweza kufunguliwa na mtu mwingine, au ikakaa posta mwezi mzima. Taharuki ya hadithi ilijenga nyumba yake humo, katika muda ambao mmoja anajua na mwingine hajui. Kijana wa leo amerithi mbinu zao pamoja na ukimya wa zama zao. Simu inauvunja ukimya huo, basi anaona dawa ni kuinyonga.

Mimi nasema anamnyonga mhusika wake bora.

Chukua jambo dogo la kutuma pesa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na mitandao mingine ikaja na za kwao. Unapotuma, jina alilosajiliwa nalo mwenye namba linatokea kwenye kioo. Sisi tunalitupia jicho mara moja tu kuhakikisha pesa haipotei. Mwandishi alitazame vizuri zaidi. Tuseme kuna kijana, mtaani anaitwa Junior, mchumba wake naye anamjua kwa hilo hilo. Jioni moja anamwandikia: "Mamii nisaidie elfu ishirini, Ijumaa narudisha." Binti anaandika namba, anaandika kiasi, na kabla hajamaliza anaona jina la mwanamke, majina matatu kamili, la mwisho si la ukoo aliowahi kuusikia kwa Junior.

Nani huyu? Mke? Dada wa mama mwingine? Mama aliyekwisha fariki, laini yake ikabaki kwa mtoto? Na kumbuka kwamba tangu 2019 laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Kwa hiyo jina lile si utani. Nyuma yake kuna mtu aliyekaa kwa wakala akaweka kidole chake kwa ajili ya Junior, na mtu haweki kidole chake bure. Bwana Msa angevuta kiko sura nzima kabla ya kuupata uzi kama huo. Hapa umeletwa na simu yenye chaji, katika mstari mmoja, na binti bado hajabonyeza namba ya siri. Atume au asitume? Akituma, amejifanya hakuona. Asipotuma, itabidi aseme kwa nini.

Au chukua kubip, ambako bando za bei rahisi zimekufifisha lakini hazijakuua. Simu inaita mara moja, inakatwa. Hakuna neno lililosemwa wala senti iliyotoka, na wawili wameelewana: moja ni nimefika, mbili ni toka nje. Watu walioishi katika mapenzi ya siri wanajua ninachosema. Jasusi wa riwaya anayetumwa kuvuka mpaka wa Namanga na redio ya mawimbi ndani ya begi ananichekesha, maana bibi yangu muuza maandazi alikuwa na mfumo bora zaidi wa kupashana habari na msambazaji wake wa unga.

Kisha kuna ule ujumbe maarufu: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Wengi tumeupokea, tumecheka, tumefuta. Lakini fikiri kwa nini tapeli anauandika vile. Hakujui jina wala kazi. Anachokijua ni kwamba katika watu atakaowatumia leo, yuko mmoja ambaye kweli kuna mtu anasubiri pesa yake: mwenye nyumba, fundi, mwalimu wa ada, mdogo wake aliyeko chuo. Neno "ile" limebeba kazi yote. Tapeli huyo ameisoma jamii yetu kuliko baadhi ya waandishi ninaowajua, na ninangoja riwaya itakayomfanya shujaa. Asiwe mtu mwema, awe shujaa tu.

Nikiri kwamba haya ni burudani yangu. Wengine wanafuga njiwa, wengine wanafuata mpira, mimi jioni naandika hadithi na kuchokonoa jinsi vyombo hivi vinavyofanya kazi. Najua kwa mfano kwamba kikomo cha herufi 160 cha ujumbe mfupi kimeanzia kwenye taipureta ya Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mwaka 1985 mjini Bonn, aliyekaa akichapa sentensi za kawaida na kuzihesabu, akaona nyingi haziufikii urefu huo. Hakuwa akifikiria Kiswahili, lakini herufi zetu zote zimo katika seti iliyochaguliwa, kwa hiyo tunapata nafasi zote 160. Isipokuwa simu yako ikiwa na kiherehere. Ukiandika ng'ombe, ukitumia ile alama iliyonyooka, mambo ni sawa. Kibodi ikijitia kuipamba, ikaweka iliyopinda, alama hiyo haimo kwenye seti. Ujumbe wote unahamishiwa mfumo mwingine na nafasi zinashuka mpaka 70. Ukizidi hapo, ujumbe wako unakatwa vipande, na kama unalipia kila ujumbe unalipa mara mbili au tatu, kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Mhusika wangu mmoja, karani mbahili wa mnada wa mifugo, nimempa hasira hiyo. Anaandika "mbuzi" hata pale alipouza ng'ombe, mahesabu yanavurugika, na huko ndiko kesi inakoanzia.

Ninaposimulia hayo, swali la kwanza ninaloulizwa na rafiki, shemeji au dereva wa bajaji ni lile lile: "Sasa hapo unaingiza shilingi ngapi?" Zamani aliyeandika kwenye daftari aliachwa na wazimu wake. Leo kila anayejua kutunga kidogo anashauriwa kufungua grupu la WhatsApp, atoe sehemu ya kwanza bure, na anayetaka kuendelea atume buku. Sina ugomvi na wanaokula kwa njia hiyo. Wamefikisha Kiswahili cha hadithi kwa wasomaji ambao duka la vitabu halijawahi kuwaona, na baadhi wana mkono mzuri wa kusimulia. Tatizo langu liko kwenye ufundi. Hadithi inayouzwa kipande kwa kipande inalazimika kumning'iniza mtu kila baada ya aya kumi, na njia rahisi ya kumning'iniza mtu ni hiyo hiyo: simu ikakatika, itaendelea. Mambo yanayohitaji kuiva polepole, kama yule mwanamke wa majina matatu, hayana nafasi humo. Msomaji aliyelipa buku anataka ajue usiku huu huu kama ni mke.

Pale kwetu chini ya mkwaju kuna wazee wanaocheza bao kila alasiri. Mashimo 32, kete 64, ubishi usio na idadi. Kuna mmoja ambaye akianza kutakata unaweza kwenda kununua kahawa ukarudi bado anagawa. Sijawahi kumsikia mtu akimuuliza anaingiza shilingi ngapi, wala hakuna aliyemshauri afungue grupu.

Kwa hiyo hadithi ya Junior naiandika taratibu, bila buku ya mtu. Nimefika sura ambayo binti anakwenda kwa wakala aliyesajili ile laini, kibanda cha mwavuli karibu na stendi, na hapo nimekwama kwa jambo la kweli kabisa. Wakala ana lile daftari lake kubwa la miamala, la karatasi, lenye sahihi za wateja. Je, huwa analitunza muda gani likishajaa? Analipeleka wapi? Na mteja mwenye machozi akiomba kuliona, anamwonyesha au anamfukuza? Mawakala mnaosoma safu hii, mkinikuta barazani niambieni.