Binti ana pointi 2.7, mama afanye nini?



Jumamosi, baada ya likelemba, mama mmoja alibaki amekaa peke yake. Binti yake yuko Marekani. Amemaliza masomo ya biolojia, na sasa anataka kuingia shule ya wasaidizi wa daktari. Kule msaidizi huyo si mbeba sindano tu: anapima mgonjwa, anatafuta ugonjwa, anaandika dawa, akishirikiana na daktari. Lakini binti ana pointi 2.7 juu ya 4, na shule nyingi zinadai angalau 3.0. Mama alitaka kukopa kwenye kikundi ili mtoto aombe nafasi shule kumi kwa mara moja.

Tukamwambia: mama, ngoja kwanza. Maombi mengi yanapita mahali pamoja, panaitwa CASPA, na kila shule unayoongeza unailipia. Shule inayodai 3.0 inaweza kuweka faili pembeni bila kuisoma. Afadhali aulize kabla ya kulipa. Ziko shule zinazoangalia zaidi masomo ya mwisho.

Pointi zinapanda, lakini polepole. Akirudia somo, CASPA inahesabu pointi za zamani na mpya pamoja. Tuchukue mwanafunzi mwenye krediti 120 na pointi 2.7: ili afike 3.0 anahitaji krediti 36 nyingine, zote kwa alama ya juu kabisa. Kwa mtu anayesoma huku akifanya kazi, hiyo ni kama miaka miwili.

Miaka hiyo haipotei. Shule nyingi zinadai pia mamia ya saa za kuhudumia wagonjwa, nyingine 1,000 au zaidi. Anaweza kuzipata akiwa msaidizi wa wauguzi. Kazi yenyewe ilianza hivyo: mwaka 1965, chuo cha Duke kilichukua wanaume wanne waliokuwa wamehudumia wagonjwa katika jeshi la majini. Mikono yao ilikuwa imeshazoea wagonjwa.

Kisha tukamuuliza mama: miaka ya kwanza, pointi zilipoanguka, binti alikuwa anafanya nini?

Akajibu kwa sauti ya chini: «Alikuwa anafanya kazi ya usiku. Alikuwa anatutumia minerval ya wadogo zake.»

Tulinyamaza wote.

Jambo hilo binti aliandike katika barua yake ya maombi, kwa maneno machache, bila kulia, kisha aonyeshe alama zake mpya. Na sisi tulipatana hivi: mkopo utatoka, lakini si kwa shule kumi. Mama ataongeza biashara yake ya unga, alipe minerval hapa nyumbani, binti apumzike kutuma pesa kwa miaka miwili.

Wewe mwenye mtoto ng'ambo, mpigie simu wiki hii. Usianze na pesa. Muulize analala saa ngapi.