Kompyuta za Kazi Zisiachwe Bila Ulinzi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa bure viraka vya usalama kwa matoleo ya kawaida ya Windows 10, mfumo wa kuendesha kompyuta uliotoka tarehe 29 Julai 2015. Tangu siku hiyo kuna swali linalodai jibu katika ofisi nyingi za kambi na vituo vya polisi: je, kompyuta hizo zihamishiwe kwenye Windows 11, au ziachwe zilivyo kwa kuwa bado zinawaka na kufanya kazi? Swali hili si la mafundi peke yao. Linamhusu kila askari ambaye jina lake, mshahara wake, namba ya bunduki yake au ushahidi wa kesi aliyoipeleleza umo ndani ya mashine hiyo.

Mfumo wa kuendesha kompyuta ndio unaotoa amri kwa sehemu zote za mashine, na ndio unaoamua programu ipi iingie na ipi izuiwe. Kwa kuwa umetungwa na binadamu, haukosi nyufa. Wahalifu huzitafuta nyufa hizo usiku na mchana, na mtengenezaji huziziba kwa viraka anavyovituma mara kwa mara. Anapoacha kuvituma, ufa utakaogunduliwa baadaye hubaki wazi. Mashine yenyewe haizimiki. Asubuhi huwaka kama ilivyowaka jana, na hapo ndipo penye hatari. Mfano wake ni mlinzi aliyesimama getini na sare yake safi, lakini haletewi tena taarifa zozote za adui.

Hata hivyo, wanaosita kubadili wana hoja, nayo haifai kudharauliwa. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya kuhifadhi ya gigabaiti 64, na prosesa iliyomo katika orodha ya mtengenezaji. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Maana yake ni kwamba kompyuta nyingi zilizonunuliwa kabla ya hapo, ingawa ni nzima, hazikubaliki. Wapo wanaojua hila za kuukwepa ukaguzi huo. Lakini mtengenezaji amekwisha kutangaza kwamba mashine iliyohamishwa kwa hila haina uhakika wa kupata viraka. Kufanya hivyo ni kubadili sare bila kubadili ulinzi.

Aidha, kifaa cha zamani cha kuchukulia alama za vidole, au programu ya mishahara iliyotungwa miaka mingi iliyopita, vinaweza kugoma katika mfumo mpya. Kamanda anayeamuru mashine zote zibadilishwe kwa mkupuo mmoja katika juma la mishahara atajikuta anajibu malalamiko ya kikosi kizima. Haraka haraka haina baraka.

Lakini uzembe nao una gharama, na ushahidi umo katika majeshi na polisi wa nchi zenye uwezo mkubwa. Mnamo Januari 2009 virusi viitwavyo Conficker viliingia katika mtandao wa Jeshi la Majini la Ufaransa. Habari zilizochapishwa wakati ule zilisema kwamba ndege za kivita aina ya Rafale zilishindwa kuruka kwa kuwa taarifa za safari zao hazikuweza kupatikana. Kiraka cha kuuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 23 Oktoba 2008. Kiraka kilikuwapo, hakikushonwa. Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa Januari 2010, virusi hivyo hivyo viliwakumba polisi wa Manchester, Uingereza. Walitengwa kwa siku kadhaa na hazina ya kumbukumbu za polisi ya taifa, wakalazimika kuwaomba polisi wa maeneo jirani wawatazamie taarifa za watu na magari.

Kisha ikaja tarehe 12 Mei 2017, siku ya virusi vya WannaCry vilivyofunga majalada na kudai fidia. Mkaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza alieleza kwamba taasisi zisizopungua 81 kati ya 236 za afya ya umma nchini humo ziliathirika. Wengi walidhani kosa lilikuwa la mifumo mikongwe tu. Uchunguzi ulionyesha kwamba mashine nyingi zilizoambukizwa zilitumia Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado haijastaafishwa. Kiraka kilikuwa kimetoka tarehe 14 Machi, lakini hakikuwekwa. Kwa hiyo basi, kuhamia mfumo mpya ni hatua ya lazima, lakini hakumwondolei mtu wajibu wa kuutunza. Silaha mpya isiyosafishwa hupata kutu kama ya zamani.

Tufanyeje? Kwanza, tuhesabu. Kila ofisi iandike ina mashine ngapi, za mwaka gani, zenye mfumo gani, na zinafanya kazi gani. Bila orodha hiyo, uamuzi wowote ni wa kubahatisha.

Pili, mashine zinazotimiza masharti na zilizounganishwa na mtandao zihamishwe bila kuchelewa. Kabla ya hapo itolewe nakala ya akiba, na nakala hiyo ifunguliwe ili ihakikishwe kuwa inasomeka. Ianze mashine moja, ijaribiwe na printa na programu zote za kazi, ndipo nyingine zifuate.

Tatu, mashine zisizotimiza masharti lakini zenye kazi isiyoweza kusimama zinaweza kulipiwa viraka vya nyongeza. Kwa taasisi, bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka 3. Jumla yake ni dola 427 kwa mashine moja. Fedha hizo zinakaribia bei ya kompyuta mpya. Kwa hiyo njia hii ni ya kununua muda tu, na tarehe ya kuiacha ipangwe mapema.

Nne, iko njia ya mifumo huru isiyodai ada ya leseni. Jandarmeria ya Ufaransa ilianza mwaka 2005 kwa kubadili programu za kuandikia barua na ripoti, na mwaka 2008 ikaanza kuhamia mfumo wa Ubuntu. Leo makumi ya maelfu ya kompyuta zake hutumia mfumo huo. Ilifaulu kwa sababu ilikwenda hatua kwa hatua.

Tano, mashine kongwe isiyo na njia nyingine itengwe kabisa na mtandao. Kutenga kuwe kutenga kweli: flashi inayotoka mfukoni mwa askari nayo ni barabara, na Conficker iliipita.

Kadhalika, askari yeyote asijitwalie madaraka ya kuweka mfumo wa wizi ulionunuliwa mtaani. Huenda adui amekwisha kufungashwa ndani yake. Na mashine inapoondolewa kazini, diski yake ifutwe kitaalamu au ivunjwe mbele ya shahidi. Diski yenye majina ya watoa habari wa polisi ikiuzwa mnadani, atakayelipa si ofisi bali ni mwananchi aliyetuamini.

Ndugu makamanda na askari, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatusemi kila mashine itupwe, wala hatusemi kila kipya ni bora. Tunasema kila mashine iamuliwe: ihamishwe, ilipiwe, itengwe au iondolewe, na uamuzi huo uandikwe pamoja na tarehe na sahihi ya mkuu anayehusika. Katika kazi yetu, lindo halifungwi kwa sababu mlinzi amemaliza muda wake. Hupangiwa zamu nyingine kabla yule wa kwanza hajaondoka.