Msiwabebeshe Wajawazito Dhambi za Watawala

Katika mjadala mmoja nilioalikwa hivi karibuni, mzungumzaji alisimama akatangaza, kwa uhakika wa mtu aliyesoma muhtasari tu, kwamba utumwa na ukoloni vimeandikwa katika DNA zetu, na ndiyo maana hatuendelei. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi sikupiga, na leo natoa sababu.

Methilesheni ni kijikundi cha kaboni moja na hidrojeni tatu kinachojishikiza kwenye herufi C ya DNA. Herufi zenyewe hazibadiliki. Huathirika matumizi ya jeni. Wataalamu huitia DNA kemikali ya bisalfaiti: C isiyo na alama husomeka kama T, yenye alama hubaki C. Siku hizi zipo hata mashine za kutosha kiganjani, zinazopitisha uzi wa DNA katika tundu dogo mno na kuitambua alama kwa mabadiliko ya mkondo wa umeme. Kazi hiyo naistahi. Ugomvi wangu ni na tafsiri inayobandikwa juu yake.

Tuchukue ushahidi unaotajwa mno. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, baada ya wafanyakazi wa reli kugoma, utawala wa Ujerumani ulizuia chakula kupelekwa magharibi mwa Uholanzi. Mwaka 2008 watafiti walichapisha vipimo vya watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ile: miongo sita baadaye, methilesheni katika jeni ya IGF2 ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 5, wakilinganishwa na ndugu zao ambao njaa haikuwakuta tumboni. Wasomaji wetu huishia kwenye matumbo ya akina mama. Aliyefunga njia za chakula hatajwi!

Tena waliopimwa ni wale wale waliokuwa tumboni, wala si wajukuu wao. Sehemu kubwa ya alama hizi hufutwa na kuandikwa upya katika seli za uzazi na katika siku za mwanzo za kiinitete. Ushahidi kwamba binadamu huzirithisha vizazi hata vizazi ni dhaifu. Nyingine hurejea mtu angali hai: katika jeni ya AHRR methilesheni hupungua kwa mvuta sigara, naye akiacha hupanda taratibu.

Wapenda hadithi nyepesi waende pia Gambia, vijijini West Kiang. Huko watoto waliotungwa mimba wakati wa mvua, ghala zikiwa tupu na jembe likiwa mkononi, walikutwa na methilesheni *nyingi* zaidi katika sehemu kadhaa zilizochunguzwa kuliko wa kiangazi. Njaa ya Uholanzi ilipunguza, msimu wa njaa wa Gambia ukaongeza. Ni wapi hapo pameandikwa "hatuendelei"?

Simtetei mkoloni, anayemtetea ni yule anayeuhamishia uovu wake kwenye damu yetu, mahali pasiposhitakika. Na watawala wa leo hunufaika vilevile: badala ya kuulizwa bei ya unga, hubandika kliniki bango la kumhimiza mjamzito ale mlo kamili, kana kwamba anayelima hadi mwezi wa nane ameukataa kwa ukaidi.

Mzungumzaji yule ameahidi kunijibu. Namsubiri, ila aje na vipimo vya wajukuu.