Fizikia ya Plazima na Riziki ya Kijana

Ndugu wazazi wa Pumwani, Eastleigh na Buruburu, mwana akisema atasomea fizikia ya plazima, swali la kwanza huwa: nani atamwajiri?

Plazima ni gesi iliyopashwa joto kali au kupitishwa umeme hata atomu zake zikaachana na elektroni. Ndiyo hali ya jua na ya radi. Ndiyo ule mwanga mkali wa fundi achomeleaye vyuma Kariobangi.

Haki isemwe: kazi yenye jina hilo ni haba kwetu. Mtambo mkubwa wa utafiti, ITER, uko Ufaransa. Lakini ujuzi haufungwi na jina. Viwanda vya chipu hutumia plazima kuchonga silikoni, na kazi ya chipu imekwisha kuanza Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Aidha, msomi huyo hujifunza umeme wa nguvu kubwa, upimaji na programu za kompyuta.

Basi tusimkataze. Tumuulize kama chuo achaguacho kina maabara itumikayo, na wakati wa likizo tumpeleke kwa fundi. Shahada isiyozoea vyombo hubaki karatasi kabatini.