Anayelalia kitanda ndiye ajuaye kunguni

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawakuiona tarakilishi, lakini kauli yao yaafiki hali iliyomo katika afisi nyingi za humu nchini. Mfanyakazi ndiye aketiye mbele ya chombo hicho kutwa nzima, na ndiye wa kwanza kuwahisi kunguni. Ufunguo wa kuwaondoa, hata hivyo, umo mikononi mwa fundi aliye ghorofa nyingine, au hata mji mwingine.

Kunguni ninaowazungumzia ni programu za kijasusi. Programu hizi hujipenyeza kwa hila, aghalabu kupitia kiambatisho cha barua-pepe au programu inayotolewa bure, kisha zikatulia kimya. Zipo zinazonakili kila herufi ipigwayo, nenosiri baada ya nenosiri, na kumpelekea mtu asiyejulikana.

Tuchukue mfano wa karani wa chama cha akiba na mikopo. Kivinjari chake kimebadili ukurasa wa kwanza bila ya yeye kukiamuru. Matangazo yanachomoza ovyo na chombo kinakokota. Akijaribu kuiondoa programu asiyoitambua, anajibiwa kwa Kiingereza kwamba hana idhini, awasiliane na msimamizi. Msimamizi naye amepigiwa simu mara tatu bila ya kutokea. Siku siri za wanachama zitakapovuja, ni nani atakayeitwa kwanza kujieleza? Bila shaka ni karani.

Hapo ndipo penye dhuluma. Wajibu wa kuzilinda siri za watu umetwikwa mtu aliyenyimwa mamlaka ya kuzilinda.

Watakuwapo watakaosema kwamba dawa ni kumpa kila mfanyakazi mamlaka kamili juu ya chombo chake. La hasha! Mnamo 1975, wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila mtumiaji na kila programu wapewe mamlaka yale tu yanayohitajika kwa kazi yao. Hekima ya kanuni hiyo ni bayana, maadamu programu mbovu hurithi uwezo wa yule aliyeifungua. Katika Windows XP, iliyotolewa mwaka wa 2001, ilikuwa desturi mwenye chombo cha nyumbani kukitumia akiwa na mamlaka yote, na majasusi walistawi. Toleo lililofuata, Vista, lilipowafikia wanunuzi mwaka wa 2007, lilianza kumwomba mtumiaji ridhaa kabla ya mabadiliko makubwa kufanywa.

Hata hivyo, mafundi nao wasijidanganye kwamba kufuli hilo latosha. Programu ya kijasusi yaweza kujificha katika sehemu ya mtumiaji mwenyewe, pasi na idhini ya msimamizi, na ikanasa mengi anayoyaandika. Kwa hivyo, fundi anayempuuza karani kwa kuwa eti chombo kimefungwa, anapuuza hatari ya kweli.

Afanyeje basi asiye na idhini? Kwanza, asitafute njia ya panya. Kulivunja kufuli la mwajiri kwaweza kumtia hatarini kisheria, kwani Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaharamisha kuingia katika mifumo bila ya ruhusa. Wala asipakue kisafishaji chochote kinachojinadi kwenye skrini. Desemba 2008, Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani iliwashtaki waliokuwa wakiuza WinFixer na bidhaa za aina hiyo kwa kuwatisha watu kwa magonjwa ya uongo. Yafaa aache kuandika nenosiri lolote kwenye chombo hicho, akitenge na mtandao ikiwa anaruhusiwa, asichomeke flashi ndani yake, na abadilishe manenosiri yake kwa kutumia chombo kingine kilicho salama. Kisha aandike alichokiona, siku na saa, na aipeleke taarifa hiyo kwa maandishi. Simu husahaulika, maandishi hudumu.

Lakini mzigo mkubwa ni wa mwajiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imemwekea wajibu. Data za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa, na pakawapo hatari halisi ya madhara, sharti amwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu ajue. Atajuaje iwapo wafanyakazi wake wamefunzwa kunyamaza? Karani anayekemewa kwa kutoa habari leo, kesho ataficha, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Twawataka waajiri watende mambo manne. Waweke mahali pamoja pa kupokea taarifa hizi, na jibu litoke siku iyo hiyo. Wampe mfanyakazi chombo cha akiba wakati chake kinasafishwa, ili asishurutike kuendelea kutumia kilichoambukizwa. Watangaze wazi kwamba anayetoa habari mapema haadhibiwi. Na iwapo ni wao wenyewe waliotia programu ya kuwachunguza wafanyakazi, waseme hivyo mapema. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inamlinda kila mtu faragha yake, na Sheria ya Data inamtaka anayekusanya habari za mtu amjulishe. Mfanyakazi asiachwe akikisia kama jasusi ni mwizi au ni meneja wake.

Nami kama mwanaisimu naongeza jambo moja. Maonyo haya na yaandikwe pia kwa Kiswahili, ambacho Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 7, yakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Onyo lisiloeleweka halimwonyi mtu.

Mamlaka na yabaki kwa mafundi, hilo halina ubishi. Lakini anayeushika ufunguo sharti aitike anapobishiwa hodi, na asipoitika, lawama ya kitakachoibwa iwe yake, si ya karani.